ANAYEUGUZA NAYE HUCHOKA
Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya chama chetu, Kumsenga



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa hai. Tunawashukuru pia akina baba mliokubali kubaki na watoto ili mama zao wapate kuja kupika na kuimba. Na wale mliokuja na watoto wenu tumewaona. Karibuni, chakula kipo.

Taarifa ya fedha itasomwa na mweka hazina wetu, na imechapwa kwenye kurasa za nyuma za kitabu hiki, kwa hiyo hatutairudia. Itoshe kusema kwamba Juni 2015 tulianza tukiwa akina mama 22, hisa moja shilingi 1,000, na sanduku la mbao la kuazima. Leo tuko 30, hisa ni shilingi 2,000, na sanduku ni la chuma lenye kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu. Wapo waliopaua bati, wapo waliosomesha, na mwenzetu mmoja ana mashine ya kusaga mnayoisikia ikilia kila asubuhi. Hayo mnayajua.

Sisi tunataka kusema jambo jingine ambalo halimo kwenye hesabu. Tulikubaliana katika kikao kwamba lisemwe leo mbele ya watu, na lisemwe na mwenyekiti kwa niaba ya wote, maana wengine wetu wanaona aibu kulisema wenyewe. Jambo lenyewe ni uchovu wa watu wanaouguza wenzao. Tunasema juu ya muuguzi wa zahanati, juu ya mhudumu wa afya anayezunguka vitongojini, na juu ya mwanamke aliye nyumbani na mgonjwa asiyeinuka kitandani. Hawa watu huchoka mwili, halafu huchoka roho. Na roho ikichoka, ile huruma waliyokuwa nayo inakauka, na wao wenyewe wanashtuka wakijiona.

Ndugu mgeni rasmi, watu wa huku tumeuguza sana. Ugonjwa wa Ukimwi ulipoonekana nchini mwetu mara ya kwanza mwaka 1983 kule Kagera, hatukudhani utafika kwetu. Ulifika. Vijana waliotoka hapa na afya zao kwenda kutafuta maisha mijini walirudi wamebebwa, wakalazwa kwenye chumba cha mama. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure na Serikali mwaka 2004. Kabla ya hapo, dawa ilikuwa uji, maji ya moto na vitambaa safi. Glavu hatukuwa nazo, tulivaa mifuko ya plastiki mikononi, ile ile iliyokuja kupigwa marufuku mwaka 2019. Wapo akina mama humu ndani waliozika watoto watatu kwa namna hiyo. Hakuna aliyewauliza, je, mama, wewe unalala?

Halafu kuna jirani zetu. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa kule Burundi, watu walivuka mpaka kwa maelfu, wengine na majeraha, wengine na watoto wasio wao. Wakati ule wengi wetu tulikuwa wasichana au ndio tumeolewa. Tuligawa muhogo, tuligawa na mikeka. Mwaka wa kwanza tuligawa kwa kuimba. Miaka ilipozidi, kuni zikawa mbali, mashamba yakaanza kuvunwa usiku na wasioyalima, na yule yule aliyegawa mkeka akaanza kufunga mlango mapema. Watu wa nje husema wenyeji waligeuka wabaya. Sisi tuliokuwepo tunasema hapana. Ghala liliisha, na moyo nao una ghala lake.

Mwaka 2015, mwaka ule ule tulipoanza chama, mambo yalijirudia. Machafuko ya Burundi yalianza Aprili. Kule Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kisichofikika kwa barabara nzuri, makumi elfu ya watu walijazana wakisubiri meli. Mwezi Mei kipindupindu kikaingia, wakaugua watu wapatao 3,000, na kama 30 wakafariki. MV Liemba, meli ile ya zamani, ndiyo iliyokuwa ikiwapeleka Kigoma mjini, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, iliyokuwa tayari na Wakongo tangu mwaka 1996. Nyarugusu ikafurika. Oktoba 2015 kambi ya Nduta hapa Kibondo ikafunguliwa upya, na haikupita miaka miwili ikawa na watu zaidi ya laki moja. Hebu fikirini waliowahudumia watu wote hao! Walikuwa wauguzi wetu, waganga wetu, na watu wa mashirika kama Msalaba Mwekundu na Madaktari Wasio na Mipaka.

Na walikuwapo vijana wetu waliofanya kazi ya ukalimani, kwa sababu Kiha na Kirundi tunaelewana bila taabu. Hapa tuseme kidogo, maana watu hawaijui kazi hii. Mkalimani husema "mimi". Mama akisema "waliniulia mtoto mbele yangu", mkalimani naye amgeukie mganga aseme "waliniulia mtoto mbele yangu". Hasemi "anadai kwamba". Ni "mimi", "mimi", kutwa nzima, kwa mambo ambayo mengine hatuwezi kuyataja mbele ya wazee. Binti wa mwanachama wetu mmoja alifanya kazi hiyo miaka miwili. Alikuwa mcheshi. Alianza kurudi nyumbani mwisho wa mwezi amenyamaza. Nyama akawa hali. Mtoto mchanga wa dada yake hakutaka kumpakata. Watu wakasema ana maringo kwa sababu ya mshahara wa shirika! Mama yake alitwambia, akiamka usiku huyu mtoto analia kwa Kirundi. Aliacha kazi mwenyewe, sasa anauza nguo Kibondo mjini na amerudia hali yake, ingawa ilichukua muda. Maringo gani hayo?

Sasa basi, namna chama kilivyoingia katika jambo hili. Mwaka 2019, katika kikao cha kawaida cha wiki, mwenzetu mmoja alileta kitabu chake cha hisa akasema anaomba kutoka. Tukamwuliza sababu, akasema hana nafasi. Tulijua anamuuguza mama mkwe wake aliyepatwa na kiharusi, mwaka wa tatu huo. Kumgeuza usiku mara mbili ili asipate vidonda vya kulalia, kumlisha, kumwogesha, kufua, halafu shamba, halafu watoto. Bibi mwenyewe alikuwa akimtukana, maana ugonjwa ule ulimbadili akili. Mzee mmoja wa chama akamwambia, mwanangu, vumilia, Mungu anaona. Yule mama akamjibu taratibu tu: "Bibi, jana usiku nimemwomba huyo Mungu amchukue."

Palikuwa kimya. Halafu yule mzee, aliyekuwa amemwambia avumilie, akasema: "Na mimi niliomba hivyo kwa mume wangu. Sijawahi kumwambia mtu." Mwingine akanyoosha mkono. Na mwingine. Katibu aliacha kuandika, na hadi leo kwenye daftari la kumbukumbu kikao kile kina mstari mmoja tu, kwamba hisa zilinunuliwa na sanduku likafungwa saa kumi.

Kitabu chake hatukukipokea. Tulimwuliza anataka nini. Tulidhani atasema mkopo, au sabuni. Akasema anataka kulala siku moja.

Ndugu mgeni rasmi, hapo ndipo lilipozaliwa daftari la siku. Chama chetu kinajua kukopesha. Mtu anaweka leo, anakopa kesho, anarudisha. Tukasema, kama shilingi inawezekana, siku nayo inawezekana. Katibu akafungua ukurasa mpya. Wanachama wawili wanakwenda kwa anayeuguza tangu asubuhi hadi jioni, wanamshughulikia mgonjwa, na mwenye nyumba anaondoka. Siyo abaki anawapikia wageni chai! Anaondoka. Yule mwenzetu siku yake ya kwanza alikwenda kwa dada yake akalala tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa, dada akaogopa akamtikisa. Siku inaandikwa kwa jina lake kama deni, na mgonjwa wake akipona au akifariki, anawalipa wengine kwa kuwauguzia wao. Siku haina riba. Hilo tulibishana mikutano miwili, maana mweka hazina wetu ni mtu wa riba.

Hayakuwa mepesi. Baba mmoja alikuja kwenye kikao akauliza kwa nini mke wake aende kuogesha mama wa watu wakati yeye hana wa kumpikia. Mwenzetu mmoja alimjibu kwamba sufuria halina jinsia. Alikasirika, lakini mwaka 2022 mke wake alipopata saratani, yeye ndiye aliyemsindikiza Mwanza, Bugando, tena zaidi ya mara moja, na yeye ndiye aliyekuwa anamlaza na kumwamsha. Siku moja alikuja nyumbani kwa katibu jioni, akasimama nje, akauliza kama daftari lile ni la wanawake tu. Tangu hapo si la wanawake tu. Mke wake yuko hai, yuko pale anagawa pilau.

Yule mama mkwe alifariki mwaka 2021. Mwenzetu alikuwa ametwambia kwamba anaogopa siku ile ikifika hatalia, na watu watasema. Alimwogesha yeye mwenyewe. Alilia sana.

Mambo haya tulikuwa tunayafanya kwa akili zetu tu. Baadaye tulimwita muuguzi mstaafu atufundishe, na tukajua kumbe yana jina na watu wameyaandika. Alitueleza juu ya mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea jioni kwenye kliniki ya bure mjini New York. Mwaka 1974 aliandika kwamba yeye na wenzake waliokuwa na moyo mkubwa kuliko wote ndio walioungua kwa ndani wakabaki majivu. Mwaka 1992 mwandishi Carla Joinson akaandika katika jarida la wauguzi juu ya uchovu wa huruma. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaeleza kwamba kuungua huko si ugonjwa. Ni hali inayotokana na shida za kazini zilizokaa muda mrefu bila kushughulikiwa, na ina dalili tatu. Mtu anaishiwa nguvu, anajitenga na kazi yake kwa moyo au kuidharau, na anaona hafanyi tena kitu cha maana.

Tulimsikiliza vizuri. Lakini aliposema kwamba maelezo hayo yanahusu mahali pa kazi tu, mwanachama mmoja akauliza: "Na mimi niliyegeuza mgonjwa miaka mitatu usiku, ile haikuwa kazi?" Muuguzi akacheka, akasema swali hilo lipelekwe Geneva. Sisi tunalileta kwako, mgeni rasmi, maana Geneva ni mbali.

Tuseme na lile la zahanati, kwa sababu limezungumzwa sana barazani na wengine hawalijui lote. Zahanati hatuitaji, ni moja ya huku kwetu, na muuguzi hatumtaji. Ilifika wakati watu wanamwogopa. Alikuwa anafoka. Mama mmoja mwenye mimba alikuja usiku, akaambiwa maneno ambayo mwanamke hapaswi kuambiwa akiwa na uchungu. Barua ikaandikwa kwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kwamba aondolewe, na chama chetu kikaombwa kuweka mhuri. Tulisema mhuri upo, lakini kwanza tutamsikia. Tukatuma watu watatu, mmoja wao mama wa yule aliyetukanwa.

Walimkuta amekaa jikoni kwake, chai imepoa mbele yake. Mwenzake wa kazi alikuwa likizo ya uzazi, hakuletwa mwingine, na ule ulikuwa mwezi wa tano yuko peke yake. Usiku anazalisha, saa mbili asubuhi anafungua kliniki ya watoto, mchana anatibu wote wanaokuja, jioni anaandika vitabu vya taarifa. Wiki chache kabla mtoto mchanga alimfia mikononi saa tisa za usiku, na asubuhi yake alipima watoto wa wengine uzito kama kawaida, kwa kuwa foleni ilikuwa imeshakaa. Aliwaambia: "Nikisikia hodi usiku, naanza kumchukia anayebisha kabla sijamwona. Zamani nilikuwa naona mtu. Siku hizi naona kadi."

Wapo waliosema, analipwa mshahara, avumilie. Tunawajibu hapa hapa kwamba mshahara unalipa kazi ya mtu mmoja, na huyu alikuwa anafanya ya watu watatu. Lakini pia hatukumwambia kwamba matusi ni sawa. Uchovu unatueleza kwa nini alitukana, haumpi ruhusa. Yule mama wa binti alimwambia wazi, mwanangu umemwumiza mwanangu. Muuguzi akaenda mwenyewe hadi nyumbani kwa yule binti, akaomba radhi, na binti akamfungulia mlango.

Mhuri hatukuupiga kwenye barua ile. Tuliupiga kwenye nyingine, ya serikali ya kijiji, iliyoomba mtumishi wa pili na kueleza hali ilivyo. Mtumishi alikuja baada ya miezi minane. Katika miezi hiyo minane, siku za kliniki wenzetu wawili walikuwa wanapanga foleni na kuteka maji, na mmoja anakaa na mtoto wake. Sindano na dawa hatukugusa, hiyo si kazi yetu. Na tulikubaliana na vitongoji kwamba Jumapili kuanzia saa saba mchana asigongewe ila kwa mwenye uchungu wa kuzaa au aliyezidiwa kabisa. Mwanzoni watu walijaribu kupenya. Kikohozi cha wiki mbili ghafla kinazidi Jumapili saa nane! Mwenyekiti wa kitongoji akakaa njiani yeye mwenyewe Jumapili tatu, wakazoea.

Muuguzi huyo bado yupo kazini. Hafoki. Kama alivyokuwa mwanzo hajawa, anasema kuna kitu hakikurudi, na sisi tunamwamini.

Ndugu mgeni rasmi, tuna maombi machache. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa zaidi ya wahudumu 137,000 nchi nzima katika miaka mitano. Tunafurahi. Kabla ya hapo wengi walijitolea kwa miaka, baiskeli yake, viatu vyake. Ombi letu ni kwamba wanapopangiwa kaya, wapangiwe na siku za kupumzika, na awepo mtu wa kukaa nao walau mara moja kwa mwezi wamwambie yale waliyoyaona. Wanaingia kwenye nyumba zenye mambo mazito, tena ni vijana. Msisubiri hadi waanze kufoka ndipo mje kuwauliza.

Ombi la pili ni mtumishi anapokwenda likizo ya uzazi. Mimba ya muuguzi inaonekana miezi mingi kabla. Haiwezi kuwa jambo la ghafla kwa wilaya.

La tatu ni dogo, ni banda la watu wanaolaza wagonjwa wao kwenye kituo, wapate pa kupikia na pa kujinyoosha. Matofali tutafyatua wenyewe, tumeshaanza. Bati ndilo linalotusumbua.

Kwa wanachama na wageni wengine, daftari la siku liko mezani kwa katibu, pale kwenye mwembe. Si lazima uwe mwanachama kuandika siku yako. Wiki ijayo kuna nafasi mbili hazijapata mtu, Jumanne na Ijumaa. Ni kwa yule mzee wa kitongoji cha juu anayeuguzwa na mjukuu wake wa darasa la saba. Mtihani ni Septemba, na mtoto yule amekosa shule siku nyingi tangu Aprili. Jumanne anahitajika mwanamume mmoja, mwenye nguvu, kwa sababu mzee ni mzito na anaona haya kugeuzwa na wanawake.

 Tunamkaribisha mweka hazina asome taarifa ya fedha.